Masharti Bila Msaidizi: Parole, Uraibu na Ugonjwa wa Akili California

Mwaka 1849 San Francisco ilikuwa mji wa mahema na matope. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka uliotangulia, na bandari ilijaa meli zilizotelekezwa na mabaharia waliokimbilia machimboni. Baraza la mji likanunua mojawapo ya meli hizo, Euphemia, likaifanya jela. Humo walitiwa wezi, walevi na wapiganaji wa vilabuni. Hospitali ya wagonjwa wa akili haikuwapo, kwa hiyo waliorukwa na akili nao wakafungiwa humo humo.

Serikali ya jimbo ilipopata nguvu ilijenga nyumba mbili. Gereza la San Quentin lilianza mwaka 1852, na mwaka uliofuata ikaundwa hospitali ya wagonjwa wa akili katika mji wa Stockton. Mkosaji akawa na kwake, mgonjwa naye akawa na kwake. Tatizo likabaki kwa mtu aliyekuwa vyote viwili: aliyeiba huku akisikia sauti zisizokuwapo, au aliyevunja duka kutafuta pesa ya kutuliza arosto. Mtu huyo amezungushwa kati ya nyumba hizo mbili kwa zaidi ya miaka 170, na mahali alipopotelea mara nyingi zaidi si ndani ya nyumba yoyote kati ya hizo. Alipotelea katika kipindi cha kutoka, yaani katika parole.

Kwa msomaji wa Tanzania neno hilo si geni, kwani Sheria ya Bodi za Parole ilitungwa mwaka 1994. Mfungwa anaachiwa kabla ya kumaliza kifungo, anakwenda kuishi uraiani chini ya msimamizi na masharti, na akiyavunja anaweza kurudishwa. California iliutumia utaratibu huu kwa wingi kuliko karibu jimbo lolote la Marekani, ikaufikisha mahali ambapo sehemu kubwa ya walioingia magerezani mwake ni watu waliokuwa wametoka humo humo muda mfupi uliopita.

Njia mbili za Ireland

Chimbuko la parole si Marekani. Mwaka 1840 Alexander Maconochie, ofisa wa jeshi la maji kutoka Uskoti aliyewahi kuwa mateka wa vita Ufaransa, alikabidhiwa Kisiwa cha Norfolk, koloni la adhabu mashariki ya Australia. Aliacha kuhesabu miaka ya kifungo akaanza kuhesabu alama. Mfungwa alichuma alama kwa kazi na mwenendo mwema, na zilipotimia alistahili kuachiwa. Wakubwa wake walimwona mpole mno, na mwaka 1844 akaondolewa.

Miaka kumi baadaye Walter Crofton, aliyeshika uongozi wa magereza ya Ireland, alilichukua wazo hilo akaliongezea hatua ya mwisho. Mfungwa aliyefuzu alipewa hati ya ruhusa akaishi nje chini ya uangalizi, na akiharibu, hati ilifutwa. Katika uangalizi huo Ireland ilikuwa na njia mbili kwa wakati mmoja. Vijijini, aliyeachiwa aliripoti kwa polisi. Mjini Dublin alikabidhiwa kwa raia, mwalimu aliyeitwa James Organ, ambaye cheo chake kilikuwa Mkaguzi wa Wafungwa Walioachiwa. Organ aliwafundisha kabla hawajatoka, akazunguka kwa waajiri kuwaombea kazi, kisha akawafuata kazini na majumbani kuona wanaendeleaje. Hati ilikuwa ile ile, masharti yale yale. Kilichotofautiana ni mtu aliyekuja kubisha hodi, na alichokuja kufanya.

Wamarekani walipokutana Cincinnati mwaka 1870 kujadili magereza yao, mfumo wa Ireland ulisifiwa sana. Mwaka 1876 likafunguliwa gereza la vijana la Elmira, jimbo la New York, ambako Zebulon Brockway aliwaachia wafungwa kwa masharti chini ya walezi wa kujitolea. California ilipitisha sheria yake mwaka 1893, kwa sababu ya kiofisi zaidi: gavana alikuwa amezidiwa na maombi ya msamaha, na parole ingempunguzia kazi. Mwaka 1917 jimbo likaenda mbali zaidi. Hakimu hakutaja tena urefu kamili wa kifungo. Alimpeleka mtu gerezani kwa muda usiojulikana, na bodi ndiyo ikaamua baadaye ni lini ameiva kutoka.

Gereza linavaa koti jeupe

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia California iliamini kwamba uhalifu ni kitu cha kutibiwa. Bodi mpya iliundwa mwaka 1944 kuamua nani atoke. Vikao vya kuzungumza kwa vikundi vikaenea magerezani, na mwaka 1955 likafunguliwa gereza la tiba mjini Vacaville, lenye madaktari wa akili na wataalamu wa saikolojia. Waliotoka na matatizo ya akili walifunguliwa kliniki zao za wagonjwa wa nje, chini ya idara ile ile ya magereza.

Lugha ilikuwa ya hospitali, lakini funguo zilibaki mikononi mwa askari. Kwa kuwa kifungo hakikuwa na mwisho uliotajwa, kila kikao cha bodi kilikuwa mtihani usiokuwa na majibu ya kukariri. George Jackson alipokiri mwaka 1961, akiwa kijana wa miaka 19, kuhusika katika wizi wa dola 70 kwenye kituo cha mafuta, alipewa kifungo cha kuanzia mwaka mmoja hadi maisha. Bodi ilimkatalia mwaka baada ya mwaka, hadi alipouawa kwa risasi San Quentin mwaka 1971.

Hospitali za akili zenyewe hazikuwa kimbilio. Chini ya sheria iliyodumu kutoka 1909 hadi 1979, California iliwafunga uzazi takribani watu 20,000 katika taasisi zake za umma, wengi wao wagonjwa wa akili na watu walioitwa wenye akili pungufu. Wodi zilijaa kupita kiasi. Mtu angeweza kuingia kwa sababu ya huzuni ya kufiwa, akazeeka humo. Lazima jambo hili likumbukwe tunapofika kwenye kufungwa kwa hospitali hizo, kwa sababu waliozifunga hawakuwa wote watu wabaya.

Uraibu nao ulikuwa na kesi yake. Sheria ya California ilimhesabu mtu kuwa mhalifu kwa kuwa mraibu tu, hata kama hakukamatwa na unga mkononi, na adhabu yake ya chini ilikuwa siku 90 jela. Mwaka 1960 polisi wa Los Angeles walimsimamisha Lawrence Robinson, wakaona makovu ya sindano mikononi, akahukumiwa. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na Juni 1962 majaji wakasema kumwadhibu mtu kwa kuwa mraibu ni sawa na kumwadhibu kwa kuwa mgonjwa, jambo ambalo katiba inalikataza. Hukumu hiyo bado inafundishwa vyuoni. Robinson mwenyewe hakuisikia. Alikuwa amefariki karibu mwaka mmoja kabla, na majaji walipoandika uamuzi wao hawakujua.

Hata kabla ya hukumu hiyo, jimbo lilikuwa limeanzisha mpango mpya. Badala ya kuwahukumu waraibu kama wahalifu, mahakama ingewapeleka kwenye kituo cha tiba kwa amri ya kiraia, kisha wangetoka chini ya uangalizi wa miaka kadhaa. Kituo kilifunguliwa Norco, kusini mwa jimbo, katika majengo yaliyoanza kama hoteli ya kifahari miaka ya 1920. Kilizungushiwa uzio na kusimamiwa na idara ya magereza. Aliyetoka alipimwa mara kwa mara kama ametumia tena, na akionekana ametumia alirudishwa. Hapo ndipo kipimo cha mwili kilipoanza kuchukua nafasi ya mazungumzo kati ya msimamizi na msimamiwa.

Nyumba moja inavunjwa

Mwaka 1955 hospitali za umma za akili nchini Marekani zilikuwa na wagonjwa karibu 559,000. Mwaka mmoja kabla, dawa ya klopromazini ilikuwa imeruhusiwa nchini humo, na kwa mara ya kwanza wengi waliokuwa wakifungwa kwa mikanda waliweza kukaa wakazungumza. Mwaka 1963 Rais John Kennedy, ambaye dada yake Rosemary alikuwa amepasuliwa ubongo mwaka 1941 na kubaki mlemavu, alitia saini sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili karibu na makazi ya watu. Lengo lilikuwa vituo 1,500. Wiki tatu baadaye aliuawa, na idadi iliyokuja kujengwa ilikuwa kama nusu ya hiyo.

California haikusubiri vituo. Mwaka 1967 Gavana Ronald Reagan alitia saini sheria iliyopewa majina ya watunzi wake watatu, Lanterman, Petris na Short. Tangu Julai 1969, kwa kawaida mtu hakuweza tena kufungiwa hospitalini bila ridhaa yake ila kwa muda mfupi: saa 72 kwanza, kisha siku 14, kwa sharti kwamba awe hatari kwake au kwa wengine, au ashindwe kabisa kujitunza. Watetezi wa haki za wagonjwa walishangilia. Watunza hazina walishangilia pia. Bima ya afya ya serikali kuu iliyoanzishwa mwaka 1965 haikuwalipia watu wazima waliolazwa hospitali za akili, kwa hiyo kila mgonjwa aliyetoka alilipunguzia jimbo gharama. Hospitali ya Mendocino ilifungwa mwaka 1972, na nyingine zikafungwa karibu na wakati huo. Wodi zilifungwa lakini fedha hazikuwafuata wagonjwa waliotoka. Asiyekuwapo na lake halipo, na wagonjwa hawa hawakuwapo katika vikao vya bajeti.

Mwaka huo huo wa 1972 daktari wa akili wa kaunti ya San Mateo, Marc Abramson, alichapisha makala fupi yenye onyo. Alisema watu ambao zamani wangepelekwa hospitali sasa wanakamatwa kwa makosa madogo na kupelekwa jela. Polisi walikuwa wameona jambo rahisi: hospitali ingemkataa au kumwachia baada ya siku tatu, lakini jela haikatai mtu. Abramson hakuwa wa kwanza kuwaza hivi. Mwaka 1939 Lionel Penrose, daktari Mwingereza, alikuwa amelinganisha nchi za Ulaya akaona kwamba palipokuwa na vitanda vichache vya wagonjwa wa akili, mara nyingi palikuwa na wafungwa wengi. Hoja yake inabishaniwa hadi leo, kwa sababu wengi waliotoka hospitalini hawakuishia gerezani, na wengi waliofungwa baadaye walikuwa vijana ambao hawakuwahi kulazwa. Lakini onyo la San Mateo lilihusu mlango wa kuingilia, na katika hilo lilikuwa sahihi. Kaunti hazikuwa na mahali pengine pa kumpeleka mtu usiku wa manane.

Kikopo cha mkojo

Mwaka 1976 imani ya kutibu wahalifu ilianguka rasmi. Wafungwa waliichoka bodi iliyowashikilia bila kikomo; wahafidhina waliichoka kwa kuwaachia watu mapema mno. Sheria mpya, iliyotiwa saini na Gavana Jerry Brown, ilirudisha vifungo vya miaka iliyotajwa, ikatamka waziwazi kwamba kusudi la kifungo ni adhabu. Bodi ilibaki kwa wenye vifungo vya maisha. Wengine wote walitoka tarehe yao ilipofika, wawe tayari wasiwe tayari, na karibu kila mmoja akawekwa chini ya parole, kwa kawaida ya miaka mitatu.

Hapa mambo mawili yalikutana. Parole iliacha kuwa kitu kinachochumwa, ikawa mkia wa kila kifungo. Na msimamizi akaacha kuwa mtu wa kutafutiana kazi. Miaka ya 1980 ilileta kokeini ya kuvutwa, sheria kali za dawa za kulevya na magereza mapya. Wafungwa wa California walikuwa takribani 24,000 mwaka 1980. Kufikia mwaka 2000 walizidi 160,000. Msimamizi mmoja alibeba makumi ya majalada. Asingeweza kumjua kila mtu, lakini angeweza kumpa kila mtu kikopo.

Fikiria jinsi masharti yalivyofanya kazi kwa mgonjwa. Mfungwa alitoka na dola 200, kiasi kilichowekwa mwaka 1973 na kisichoongezwa kwa miongo mingi, na humo alitoa nauli. Ilimpasa kuripoti ofisini mara moja. Ilimpasa kuwa na anwani inayojulikana, na asiondoke zaidi ya umbali fulani bila ruhusa. Asitumie dawa za kulevya. Aende kliniki akiagizwa. Mwenye akili timamu na ndugu wa kumpokea aliweza. Mwenye skizofrenia alitoka na dawa za wiki chache, na alipaswa kuomba upya bima ya matibabu iliyokatika alipofungwa. Dawa ziliisha kabla karatasi hazijakamilika. Sauti zilirudi, akaacha kufungua mlango, akakosa miadi. Kukosa miadi ni kuvunja sharti. Mraibu naye alitoka na kiu ambayo kifungo hakikuigusa. Kutumia tena ndiyo dalili kuu ya ugonjwa wake. Katika jalada la parole, dalili hiyo ni kosa.

Hivyo mashine ikaanza kuzunguka. Mwaka 1980 waliorudishwa magerezani kwa kukiuka parole walikuwa chini ya 3,000. Mwaka 2000 walikaribia 90,000, na katika kila watu watatu walioingia gereza la California mwaka huo, wawili walikuwa wanatoka kwenye parole. Wengi hawakushtakiwa mahakamani kwa kosa jipya. Bodi ilikaa, ikaamua kwa ushahidi mdogo kuliko wa mahakamani, ikampa mtu miezi michache. Miezi hiyo ilitosha kumpotezea chumba, kazi, bima na nafasi kliniki, na haikutosha kumtibu chochote. Joan Petersilia, mwanazuoni wa uhalifu aliyeifuatilia parole ya California kwa miaka mingi, alionyesha jinsi mtu yule yule alivyoweza kuingia na kutoka mara nyingi ndani ya miaka michache, kila mara akihesabiwa upya kama mkosaji aliyerudi.

Hofu ya umma haikuwa ya kubuni. Mwaka 1993 msichana wa miaka 12 alitekwa nyumbani kwao Petaluma na kuuawa na mtu aliyekuwa ametoka kwa parole miezi michache kabla, mwenye historia ndefu ya ukatili. Mwaka uliofuata wapiga kura walipitisha kwa kishindo sheria ya makosa matatu, iliyompa kifungo cha miaka 25 hadi maisha aliyepatikana na hatia ya kosa kubwa kwa mara ya tatu. Kwa mfumo uliowafuatilia wote kwa kikopo kile kile, muuaji na mgonjwa aliyekosa miadi walikuwa watu wa jalada moja. Usimamizi uliotawanywa kwa watu zaidi ya laki moja haukuwa na jicho la kumtazama kwa karibu yule mmoja wa kuogopwa.

Vizimba

Ndani ya kuta ilikuwa mbaya zaidi. Kesi iliyofunguliwa mwaka 1990 na wafungwa wenye magonjwa ya akili iliamuliwa mwaka 1995 na Jaji Lawrence Karlton, aliyesema huduma yao ni duni kiasi cha kuvunja katiba. Kesi nyingine kuhusu matibabu ya kawaida ilifuata. Oktoba 2006, magereza yakiwa na watu zaidi ya 170,000, Gavana Arnold Schwarzenegger alitangaza hali ya hatari.

Mei 2011 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliiamuru California ipunguze wafungwa hadi asilimia 137.5 ya uwezo wa majengo yake, yaliyojengwa kwa watu wapatao 80,000. Jaji Anthony Kennedy aliambatisha picha kwenye uamuzi, jambo la nadra. Zilionyesha vizimba vya chuma, ukubwa wa kibanda cha simu na bila choo, walimowekwa wafungwa waliotaka kujiua wakisubiri kitanda. Daktari mmoja aliyekagua alimkuta mfungwa aliyekaa humo karibu saa 24, amesimama katika mkojo wake, ameganda asiweze kusema. Kiwango cha kujiua mwaka 2006 kilikuwa karibu asilimia 80 juu ya wastani wa magereza ya nchi nzima.

Jimbo lilikuwa limeshaanza kugusa parole. Kuanzia Januari 2010 baadhi ya waliotoka, walioonekana hawana hatari kubwa, hawakuweza tena kurudishwa bila kosa jipya. Kisha, tarehe 1 Oktoba 2011, sheria ya kuhamishia majukumu kwa kaunti ilianza. Karibu kila aliyekiuka masharti sasa alipelekwa jela ya kaunti, si gereza la jimbo, na kwa siku zisizozidi 180.

Matokeo yake yanastahili kusomwa taratibu. Kati ya waliotoka katika mwaka wa fedha wa 2005–06, asilimia 67.5 walirudi gerezani ndani ya miaka mitatu. Kati ya waliotoka 2011–12, waliorudi walikuwa asilimia 25. Mtu angedhani wafungwa wa California wameokoka. Lakini waliopatikana na hatia ya kosa jipya mahakamani walibaki karibu nusu. Watu hawakuwa wamebadilika sana; kilichobadilika ni kanuni ya kuwarudisha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile kilichoitwa kurudia uhalifu kwa miaka 30 ilikuwa ni tabia ya ofisi.

Wakati huo huo, uzito ulihamia kwingine. Jela ya kaunti ya Los Angeles ikawa inatajwa mara kwa mara kama taasisi kubwa kuliko zote nchini yenye wagonjwa wa akili. Haikujengwa kuwa hospitali, na askari wake hawakuajiriwa kuwa wauguzi.

Ni ugonjwa gani unaorudisha watu?

Hapa watafiti walileta jambo lisilotarajiwa. Jennifer Skeem na wenzake waliwachunguza kwa kina wakosaji 143 wenye magonjwa makubwa ya akili na makosa yao 429. Makosa yaliyotokana moja kwa moja na dalili za kuchanganyikiwa, kama kusikia sauti au kuona visivyokuwapo, yalikuwa kama asilimia 4. Ukijumlisha na yale ya sonona na ya hisia kupanda na kushuka, bado yalikuwa chini ya moja kwa tano. Sehemu iliyobaki ilitokana zaidi na mambo yanayowarudisha wakosaji wengine wote: ufukara, kukosa makazi, marafiki wa zamani, hasira, unga. Skeem alionyesha pia kwamba wagonjwa walirudishwa kwa kukiuka masharti mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Walitazamwa kwa ukaribu zaidi, na anayetazamwa sana huonekana akikosea.

Utafiti huo unazikata hoja za pande zote mbili. Anayesema vidonge peke yake vitazuia uhalifu amekosea. Anayesema mgonjwa wa akili ni hatari kwa sababu ya ugonjwa wake amekosea zaidi.

Kwa uraibu picha ni tofauti, na ni ya haraka. Mwaka 2007 Ingrid Binswanger na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 30,237 walioachiwa magereza ya jimbo la Washington. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya wakazi wengine, na hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ilikuwa mara 129. Sababu inaeleweka. Mwili uliokaa miezi bila heroini hupoteza uzoefu nayo, lakini mkono unakumbuka kipimo cha zamani. Wiki hizo mbili ndizo ambazo ofisi ya parole ilikuwa ikisubiri kikopo cha kwanza.

Dawa ilikuwapo. Vincent Dole na Marie Nyswander walionyesha New York katikati ya miaka ya 1960 kwamba methadoni inayonywewa kila siku humwondolea mraibu arosto, akaweza kufanya kazi na kulala. Magereza mengi yaliikataa kwa zaidi ya miaka 50, yakisema ni kubadilisha uraibu mmoja kwa mwingine. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki yake ya methadoni mwaka 2011, programu ya kwanza ya aina hiyo inayogharamiwa na umma katika Afrika bara kusini mwa Sahara, ikisaidiwa na shirika lililotokea eneo la San Francisco. Wataalamu wa California walikuwa wakisaidia kuwapa mateja wa Kinondoni na Temeke dawa ambayo wafungwa wengi wa kwao hawakuruhusiwa kuigusa.

Mwaka 2016 jimbo dogo la Rhode Island lilianza kuwapa wafungwa wote wenye uhitaji methadoni, buprenofini au naltreksoni, na kuwaunganisha na kliniki walipotoka. Mwaka uliofuata vifo vya kuzidisha dawa miongoni mwa waliotoka karibuni vilipungua kwa zaidi ya nusu. California ilianza mpango wake wa magereza yote Januari 2020. Januari 2023 ikawa jimbo la kwanza kuruhusiwa na serikali kuu kutumia bima ya afya ya watu wa kipato kidogo kuwahudumia wafungwa katika siku 90 za mwisho kabla ya kutoka, ili dawa na daktari vitangulie nje kabla ya mgonjwa. Katikati ya hatua hizo, mwaka 2020, parole ya wengi ilifupishwa kutoka miaka mitatu hadi miwili.

Kura mbili zenye namba moja

Mwaka 2000 wapiga kura wa California walipitisha pendekezo namba 36, lililowapeleka kwenye tiba badala ya kifungo watu waliokamatwa na dawa za kulevya kwa matumizi yao, wakiwamo walio kwenye parole. Liliungwa mkono na asilimia 61. Fedha zake zilitengwa kwa miaka michache, kisha zikakauka, na kaunti zikabaki na amri isiyokuwa na bajeti.

Novemba 2024 wapiga kura wa jimbo lile lile walipitisha pendekezo jingine lililopewa namba 36, safari hii kwa takribani asilimia 68. Fentanili ilikuwa imeua maelfu, maduka yalifunga bidhaa kwa kufuli, na watu walichoka. Sheria mpya inasema anayekamatwa tena na tena na dawa kali anaweza kushtakiwa kwa kosa kubwa, na achague tiba au kifungo. Haikutenga fedha mpya za kuilipia tiba hiyo.

Miaka 24 kati ya kura hizo inafundisha jambo ambalo Dublin ilikuwa imelijua katika karne ya 19. Sharti ni jepesi kuandika. Linatungwa kwa jioni moja na kuchapishwa kwenye karatasi moja. Kinachogharimu ni mtu wa kumsindikiza mgonjwa atimize sharti hilo: muuguzi wa kliniki, mwenye nyumba aliyekubali kumpangisha, msimamizi mwenye majalada machache kiasi cha kukumbuka majina. Kila kizazi cha California kimeongeza sharti kikaahirisha mtu huyo, kisha kikahesabu walioshindwa na kuwaita wahalifu sugu. Jimbo litakapotoa takwimu za wanaorudi chini ya sheria ya 2024, mahali pa kuanzia kuzisoma ni kwenye bajeti za kaunti, kuona ni kaunti ngapi zilizokuwa na kitanda cha tiba siku mshtakiwa alipochagua tiba.